Besi Kutoka Nyumba ya Kimya

Shingo ya gita langu la besi ilipinda wiki ile ile bendi yetu ilipokuwa na harusi ya kupigia. Nililiegemeza karibu na dirisha, jua likaliwakia kutwa nzima nikiwa kazini, na niliporudi nyuzi zilikuwa zimeinuka juu ya ubao kama kamba za kuanikia nguo. Nikakaza ile fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo, nikalegeza, nikakaza tena. Wapi. Ule ubao ulikuwa umeshajifia.

Muuza nyuzi, yule mwenye kibanda cha vifaa vya muziki nyuma ya soko, akaniambia kuna mzee anauza besi pamoja na amplifaya yake.

"Nenda leo hii," alisema. "Kila siku anapita hapa kuuliza kama nimempatia mtu."

"Ina tatizo gani?"

"Haina. Nilikwenda kuipiga mwenyewe. Kitu safi, dada yangu."

"Mbona hukuichukua wewe?"

Akajikuna shingo. "Nilikwenda na mke wangu. Alifika mlangoni, akasimama, akaniambia turudi nyumbani. Sababu hakusema. Na wewe unamjua mke wangu, akisema turudi, tunarudi."

Nikacheka. Nilicheka kweli.

Nilitoka kwa dobi ninakofanya kazi jua likiwa linaelekea kuzama, mikono bado inanukia sabuni, nikafuata maelekezo. Nyumba ilikuwa ya mwisho uchochoroni. Geti la bluu, nusu wazi. Redio ya jirani ilikuwa inasoma matokeo ya mpira, watoto wanakimbizana na tairi, mtu anagonga bati mahali fulani. Nikasukuma geti, nikaingia.

Kimya.

Si kwamba nyumba haikuwa na watu. Mama mmoja wa makamo alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo. Pembeni yake alikaa binti mkubwa tu, rika langu hivi, anamenya vitunguu. Nikapiga hodi. Wakainua vichwa kwa pamoja. Hakuna aliyeitikia. Mama akanionyesha mlango kwa kidevu.

Mzee akatokea, mrefu, shati limenyooshwa pasi vizuri mpaka nikamwonea wivu aliyelinyoosha.

"Karibu, mwanangu."

Alinong'ona. Nikadhani kuna mgonjwa amelala chumba cha pili, na mimi nikajikuta nanong'ona.

"Shikamoo baba. Nimekuja kuangalia besi."

"Marahaba. Najua. Ingia."

Ilikuwa imelazwa juu ya shuka jeupe, kitandani, kama maiti ya mtu anayependwa. Nyeusi inayoelekea kahawia. Amplifaya ilisimama pembeni, sanduku lenye spika yake ndani, urefu wa kufika kiunoni, vifungo vyote vipo, kitambaa cha mbele hakijatoboka hata mahali pamoja. Nikainyanyua besi, nikaitazama shingo kutokea chini kama seremala anavyopima mbao. Imenyooka. Nikabana uzi mwanzo wa shingo na mwisho wa shingo, nikatazama pale katikati. Palikuwa na nafasi ya kupitisha karatasi tu, ndivyo inavyotakiwa. Vyuma vya shingo havikuwa vimelika. Besi ya zamani hivi isiyo na kasoro... mtu unajiuliza ilikuwa inapigwa au inaabudiwa.

Nikachomeka waya. Nikawasha.

Kila amplifaya inavuma kidogo ikiwashwa, hilo la kawaida. Hii ilivuma kwa chini sana, laini, kama chumba kilichojaa watu wanaoongea nyuma ya mlango uliofungwa.

Nikagusa uzi mnene. Sauti ikapita sakafuni, ikapanda miguuni, ikakaa tumboni.

Nilipoinua macho, binti alikuwa amesimama mlangoni, kisu mkononi, machozi ya vitunguu mashavuni. Alinitazama. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, kushoto na kulia.

Mama yake akatokea nyuma, akamshika bega, akamvuta.

"Mke wangu na mwanangu," mzee alinong'ona. "Hawasemi."

"Poleni, baba. Tangu wazaliwe?"

Akataja bei. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Kwa bei hiyo, baba, hata spika peke yake huipati."

"Si lazima iwe kubwa. Lakini lazima ununue, bure siwezi kukupa. Na ubebe mwenyewe. Kwa mikono yako. Mpaka nje ya geti."

Kila neno lilitoka hafifu kuliko lililotangulia. Mwisho nilikuwa nasoma midomo yake tu.

Nikalipa. Besi nikaivaa mgongoni, amplifaya nikaikumbatia. Ilikuwa nzito, mgongo ukaniuma, na hakuna aliyenyanyua kidole kunisaidia. Wote watatu walisimama barazani wakiangalia miguu yangu. Miguu tu.

Nikavuka geti. Nikaita kijana wa mkokoteni aliyekuwa anapita, tukapakia.

Hatujafika mbali, nikasikia sauti ya kike kutoka ile nyumba.

"Baba."

Kijana wa mkokoteni akapunguza mwendo.

"Baba... baba... baba... baba..."

Kama mtoto anayejifunza neno. Kisha kilio, au kicheko, sikuweza kutofautisha. Nikajiambia wana mgeni. Giza lilikuwa linaingia na mimi nilikuwa na besi mpya.

*

Nyumbani tuko watatu: Mama, mimi, na mdogo wangu wa kiume tunayemwita Chiriku. Jina alimpa Mama akiwa mdogo, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Aliongea akila, aliongea akioga, usingizini ndiyo usiseme. Mdomo huo huo ukampa kazi. Alisimama na maikrofoni mbele ya duka la vyombo, anaita wateja, na mtu aliyetoka kununua kijiko aliondoka na sufuria tatu na beseni. Mwisho wa wiki ndiye alikuwa mwimbaji wa bendi yetu. Mbele ya kichwa alipaka nywele rangi nyekundu, eti za jukwaani.

Jioni iliyofuata nikaifanyia besi matengenezo. Nyuzi mpya za besi bei yake utadhani unanunua mbuzi, kwa hiyo nikafanya kama tunavyofanya wote: nikazitoa zile za zamani, nikazikunja, nikazichemsha kwenye sufuria. Uchafu wa vidole unatoka, zinalia kama mpya.

Maji yaligeuka meusi. Si ya kijivu, meusi kabisa. Na harufu ikajaa jikoni... harufu ya nywele zilizoungua.

Mama akaja na upande wa kanga puani. "Unapika nini humo, misumari?"

"Nyuzi, Mama. Ni uchafu wa mikono tu."

Akachungulia sufuria. "Mikono ya watu wangapi hii?"

Nikamwaga maji, nikakausha nyuzi, nikazirudisha, nikasogeza kidogo daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwa chini, mpaka kila uzi ukakaa kwenye sauti yake juu na chini ya shingo. Chiriku akaja na kiti. Nikapiga, akaimba.

Sijawahi kumsikia hivyo. Sauti yake ilipanda ikiwa imejaa, na chini yake ule mvumo wa amplifaya ukapanda nao, unamfuata, unapindia pale anapopindia. Akakatisha wimbo akicheka.

"Dada, hii kitu inaniitikia."

"Ni waya haujakaa sawa. Nitauangalia."

"Usiuguse. Nimepata kwaya ya bure."

Harusini watu walicheza mpaka wapishi wakaacha masufuria. Kiongozi wa bendi, mtu asiyesifia hata chakula cha mkewe, alinishika mkono akasema besi hii ilikuwa wapi siku zote. Tukarudi nyumbani tumechoka kwa furaha. Chiriku alitaka kusimulia jambo la bibi harusi, akafungua mdomo, kikatoka kikwaruzo.

"Umepiga kelele sana," nikamwambia. "Kanywe maji ya moto."

Asubuhi hakukuwa na hata kikwaruzo.

Alifungua mdomo. Midomo ikaenda. Shingo ikakaza mishipa. Hakikutoka kitu, hata pumzi haikuwa na mlio.

Daktari alimmulika kooni, akaminya hapa na pale, akasema koo ni zima kama la mtoto, apumzike. Akapumzika. Mwenye duka la vyombo akavumilia kidogo, halafu akaweka mtu mwingine na maikrofoni. Chiriku akawa anakaa kwenye kizingiti mchana kutwa, simu mkononi, akitaka kitu anakiandika na kukuonyesha. Mama alianza kuzungumza mfululizo, habari za majirani, bei ya mafuta ya taa, ndoto alizoota. Mwanzoni sikuelewa kwa nini. Kumbe alikuwa anaziba pengo.

*

Halafu siku moja umeme ukakatika.

Ilikuwa saa za magharibi, mvua imetoka kunyesha. Mtaa mzima ukazima. Niliona dirishani taa za majirani zote zikipotea. Mama alikuwa kwa jirani. Chiriku alikuwa nje bombani anajaza ndoo, namwona kwa dirisha hilo hilo, mgongo wake na kichwa chake chekundu. Mimi nilikuwa chumbani napapasa kiberiti.

Nikasikia mvumo.

Mmmmmm...

Nikasimama. Nikaushika waya wa amplifaya, nikaufuata kwa vidole gizani mpaka mwisho wake. Plagi ilikuwa sakafuni. Nilikuwa nimeichomoa tangu mchana.

Mvumo haukukoma. Ukajikusanya. Ukawa na pumzi.

"Dada."

Ilikuwa sauti ya Chiriku.

Nikatazama dirishani. Bado alikuwa bombani, mgongo kwangu, ndoo inafurika.

"Dada... kumejaa huku."

Nyuma ya sauti yake zilikuwepo nyingine, za chini, nyingi, zinasogeana kama watu wanaompisha mgeni akae. Mzee akakohoa. Mwanamke akaanza kuhesabu kitu, akasahau, akaanza tena. Na harufu ile ile ya nywele zilizoungua.

"Dada, tusogelee."

Nilitoka mbio pekupeku mpaka bombani, nikamkumbatia mdogo wangu kwa nyuma, ndoo ikamwagika. Akageuka kunitazama. Mdomo ukauliza nini. Nilikuwa namgusa koo kuona kama lipo.

Umeme uliporudi nikachukua bisibisi. Chiriku alishika tochi. Skrubu za nyuma ya sanduku zilikuwa zimepakwa rangi pamoja na mbao, rangi ya kiwandani, haijapasuka hata moja. Hakuna mtu aliyewahi kulifungua sanduku lile. Ilibidi nizivunje zile rangi kwa kisu ndipo skrubu zizunguke.

Ndani ya sanduku la spika huwa wanaweka pamba, sauti isigongegonge. Nikaingiza mkono, nikavuta.

Haikuwa pamba.

Nywele. Zimeshindiliwa mpaka kwenye kona. Za kijivu, nyeusi, laini za mtoto, ngumu za mwanamume, misuko mizima imekatwa mizizini. Kule chini kabisa zilikuwa zimegandamana kama udongo. Juu yake, bado mbichi, lilikaa fungu dogo jekundu. Chiriku akaangusha tochi. Alipojishika kichwa kwa mbele, vidole vikakuta upara mdogo, sawasawa na sarafu.

Nikaokota tochi nikamulika tena. Pembeni ya nyekundu ulikuwa umelala msuko mmoja mwembamba, wenye uzi wa zambarau.

Mimi ndiye niliyekuwa nimesuka kwa uzi wa zambarau.

Nikapapasa kichwani mpaka nikaupata mahali ulipotoka.

Asubuhi, nilipomsalimia Mama, sauti yangu ilikuwa na kutu.

*

Nilikwenda ile nyumba baada ya kazi. Nilisikia kabla ya kufika. Redio imefunguliwa juu, sufuria zinagongana, binti anaimba jikoni kwa sauti nene nzuri ya mtu aliyeikosa siku nyingi. Geti lilipolia wote wakanyamaza.

"Karibu, mwanangu," mzee alisema. Sasa alikuwa na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya uwanja.

"Mliniuzia nini?" Yangu ilitoka kama mchanga.

Hakujifanya hajui. Alikaa chini barazani, akaniachia kiti.

"Sauti yangu ilikuwa imebaki mkia tu," alisema. "Ndiyo uliyoisikia. Ya hawa iliondoka kitambo. Binti alikuwa bado shule."

Mkewe alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Aliongea haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Tuliinunua kwa mjane mmoja, na yeye aliinunua kwa mtu. Wanasema mwenyewe wa mwanzo alikuwa mpiga besi hodari, ila hana sauti ya kuimba, watu wakimcheka. Akaenda kwa mtaalamu akataka besi yake iimbe. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa na mjane. Kama ni kweli au aliambiwa tu, mimi sijui, na aliyeanza hayupo wa kumuuliza."

"Nikiivunja?"

"Tulijaribu." Mzee aliangalia mikono yake. "Shoka liligusa ule ubao, mke wangu hapa akatema damu. Kaka yangu akaibeba kwenda kuitupa shimoni. Asubuhi tuliikuta kitandani. Kaka yangu alikufa hajasema tena hata neno moja. Inatoka kwa kununuliwa tu. Mtu atake mwenyewe, alipe, aibebe."

"Kwa hiyo mkanichagua mimi."

"Hatukukuchagua, mwanangu. Ulikuja."

Binti alinisindikiza mpaka getini. Alikuwa analia, na safari hii hapakuwa na vitunguu.

"Nilikutikisia kichwa," alisema.

"Nilikuona."

"Ningekuwa na sauti ningepiga kelele." Akafuta uso na kiganja. "Sasa ninayo. Kila nikiisikia nakumbuka uso wako."

Nikamwacha pale. Kooni nilikuwa nimebakiwa na maneno machache, si ya kutumia ovyo.

Tulikaa jikoni, mimi na Chiriku na Mama. Nikaeleza yote, kwa minong'ono. Mama alisikiliza akiwa amekunja mikono kifuani. Nilipomaliza, Chiriku aliandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena, akanisogezea simu.

"Tusimpe mtu. Nikipata sauti kwa njia hiyo, kila nikifungua mdomo nitajua kuna mwenzangu amefunga."

Nilisoma kwa sauti ili Mama asikie. Nikamwambia nakubaliana naye. Tungeifunga kwa maturubai, tuiweke stoo, tukae mbali nayo, na kama itatumaliza itumalize sisi, iishie hapo.

"Na mimi je?" Mama aliuliza.

"Wewe utahamia kwa mama mdogo, kabla haijakufikia."

"Sijauliza hilo." Akanyanyuka, akaanza kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

*

Ilitokea jioni moja tukitoka kumwona daktari mwingine, ambaye naye alisema tupumzike. Tulikuwa tunatembea pembezoni mwa barabara, taa za maduka zinaanza kuwaka. Chiriku alikuwa nyuma yangu.

"Ngoja, Dada. Kuna kokoto kwenye kiatu."

Nikasimama kumngoja.

Nilipokuwa nageuka ndipo nikatambua nimesikia nini.

Alikuwa ameinama, kiatu mkononi. Hakuwa anatikisa kokoto tena. Alinitazama kutoka pale chini, na kwanza uso wake uliwaka kama wa mtoto aliyeona baba yake amerudi safari. Akashika koo.

"Dada," alisema. "Dada, nina—"

Hakumaliza. Niliona mwanga ule ukimzimika usoni, polepole, jinsi alivyokuwa anaelewa.

"Mama," nikasema. Sauti yangu ilitoka safi, nzima.

Tulikimbia mpaka nyumbani.

Mama alikuwa anafagia chumba changu. Alikuwa anafagia kona moja tu, ile ya amplifaya, na pale liliposimama sanduku palibaki alama nne tu za miguu yake. Shuka nililofunikia besi tukingoja kupata maturubai alikuwa ameshalifua, liko kambani.

"Mama, umefanya nini?" Chiriku aliuliza.

Aliposikia sauti ile, Mama aliachia ufagio. Akaziba uso kwa mikono yote miwili, mabega yakamtikisika.

"Rudia," alisema. "Niite tena."

"Umemuuzia nani?"

"Sikumuuliza jina."

"Mama."

"Mwanamke tu. Kijana. Anapigia kwaya sehemu fulani, gita la kwao limekufa. Muuza nyuzi alimwelekeza, mimi ndiye niliyekwenda kumwomba atutafutie mtu." Akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu lakini hayakutukwepa. "Nimezaa wawili tu. Nimewasikiliza mkipanga kunyamaza mbele yangu kama vile mimi sipo. Mlitaka nifanye nini, niwapikie tu? Nilimwambia abebe mwenyewe. Akabeba. Ilimshinda kidogo kwa sababu ya mgongoni."

"Mgongoni kuna nini?"

Mama akaokota ufagio.

"Mgongoni kuna nini, Mama?"

"Mtoto," alisema. "Alikuwa na mtoto. Mdogo, hajaota hata meno. Alikuwa analia sana."

*

Muuza nyuzi hakujua anakoishi. Alijua tu ni mnunuzi wa kupita. Tukaanza kutafuta. Kila jioni baada ya kazi, mimi na Chiriku, ukumbi kwa ukumbi, tunauliza mwanamke kijana, besi nyeusi inayoelekea kahawia, mtoto mgongoni. Chiriku ndiye aliyeuliza. Aliongea kwa adabu, maneno machache, na kila alipomaliza alifunga mdomo kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kuimba aliacha. Kiongozi wa bendi alikuja kumbembeleza na chupa ya asali; Chiriku alimshukuru, akampa Mama asali.

Tulimpata kwenye ukumbi wa mabati, upande wa pili wa reli. Nje alikuwepo bibi mmoja anafuta mabenchi kwa kitambaa.

"Ndiyo, anapiga hapa," bibi alisema. "Besi yake nzuri mno, wajukuu zangu. Akipiga utadhani kuna watu wanaimba humo ndani."

"Na mtoto wake?" Chiriku aliuliza.

"Mpole huyo. Mama yake anamlaza pembeni ya spika, wala hasumbui. Sijamsikia hata kulia." Bibi alikunja kitambaa. "Mwanzo alikuwa mlizi kweli, tukimlalamikia. Sasa ametulia."

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mabati. Ndani ya ukumbi mtu aliwasha amplifaya. Niliujua ule mvumo kabla masikio hayajausikia. Niliujua kwa miguu. Ulikuwa na watu wengi zaidi.

Chiriku alinishika mkono. Nikasukuma mlango.

Alikuwa peke yake jukwaani, besi begani. Msichana mdogo kuliko nilivyomfikiria. Hakuuliza sisi ni nani wala tunataka nini. Alitutazama miguu, kisha mikono, kama mtu anayepima mzigo na mbebaji. Macho yake yakajaa tumaini kiasi kwamba nilitaka kukimbia.

"Umekuja kuinunua?"

Alinong'ona.

Sakafuni, juu ya kanga, karibu kabisa na spika, mtoto aligeuza kichwa akanitazama. Uso wake ulikunjamana, ngumi zikakaza, kifua kikapanda.

Akafungua mdomo wote.